BILLIE HOLIDAY: Mwimbaji aliyekamatwa akiwa mahututi kitandani

Wapenzi wa muziki wa jazi watamkumbuka marehemu Billie Holiday kwa ua jeupe alilokuwa akilichomeka nywelini, na kwa sauti yake iliyochelewa kidogo nyuma ya ngoma, kana kwamba mwenyewe hana haraka ya kufika. Haikuwa sauti kubwa wala haikufundishwa shuleni. Hata hivyo, waimbaji wengi wa Marekani waliomfuata, wanawake kwa wanaume, walijifunza kwake. Lakini leo hatutasema sana juu ya nyimbo. Tutasema juu ya ugonjwa uliomshika, na jinsi wakubwa wa nchi yake walivyoutibu kwa pingu.

Alizaliwa tarehe 7 Aprili 1915 katika mji wa Philadelphia, akaitwa Eleanora, akalelewa Baltimore. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Sheria ya Harrison ilikuwa imeanza kutumika nchini Marekani. Zamani kasumba na mofini ziliuzwa katika maduka ya dawa kama kitu cha kawaida, na heroini yenyewe ilianza kuuzwa na kampuni ya Bayer mwaka 1898 kuwa dawa ya kikohozi. Wengi walionaswa walikuwa mabibi wa heshima, walioanzishwa na madaktari wao wenyewe, na hapakuwa na mtu aliyewaita wahalifu. Sheria ilipokuja, na Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 1919 kwamba daktari haruhusiwi kumwandikia mraibu dawa hizo kwa ajili ya kumtuliza tu, mgonjwa aligeuka mshtakiwa.

Si kila mgonjwa, hata hivyo. Katika mji huo huo wa Baltimore aliishi Dakta William Halsted, mmoja wa wapasuaji wakuu kabisa wa zama zake, katika hospitali ya Johns Hopkins. Bwana huyu alitumia mofini kwa miongo kadhaa. Rafiki zake wachache walijua, wakamsitiri, naye akaendelea kupasua wagonjwa na kufundisha vijana hadi alipofariki mwaka 1922. Maandishi ya siri ya mwenzake, Dakta William Osler, yalichapishwa mwaka 1969 tu, ndipo ulimwengu ukajua. Halsted alipokufa, Eleanora alikuwa mtoto wa miaka saba katika mji huo.

Yeye hakuwa na wa kumsitiri. Baba yake, Clarence Holiday, mpiga gitaa, aliwaacha yeye na mama yake. Mtoto alipokuwa na miaka tisa alipelekwa katika nyumba ya kurekebishia wasichana watoro wa shule. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alinajisiwa na jirani, na yeye aliyetendewa ndiye aliyerudishwa katika nyumba ile ile. Alipokuwa na miaka kumi na minne walihamia Harlem, New York, na haukupita muda akafungwa kwa umalaya. Sijui msomaji atasemaje, lakini mimi naona kwamba mtoto wa namna hiyo alikuwa amekwisha kufungwa mara tatu kabla hajaionja heroini.

Kuimba ndiko kulikomtoa. Mwaka 1933 alirekodi kwa mara ya kwanza, akiwa na Benny Goodman. Mwaka 1937 aliimba na bendi ya Count Basie, na mwaka 1938 na ya Artie Shaw, Mzungu, jambo ambalo siku hizo lilikuwa la ajabu. Mwaka 1939 akarekodi Strange Fruit, wimbo unaoeleza watu weusi wanaonyongwa na kuning'inizwa mitini huko Kusini. Kampuni yake ya kawaida iliuogopa, akaurekodi kwa kampuni ndogo.

Mapema katika miaka ya 1940 alianza kuvuta kasumba, kisha akahamia kwenye sindano ya heroini. Hapa inafaa kueleza kidogo, kwa maana wengi hudhani kwamba mraibu huendelea kwa kupenda starehe. Starehe huisha upesi. Mwili huizoea dawa, ukataka kipimo kikubwa zaidi, na ikikosekana kwa saa chache huja ile hali ambayo vijana wa pwani yetu huiita arosto: jasho, baridi, mifupa kuuma, kutapika, kuhara, usiku bila usingizi. Teja hatafuti raha tena. Anatafuta kuwa mzima hadi jioni.

Mnamo Mei 1947 alikamatwa. Alikiri kosa bila wakili, akaomba apelekwe hospitali. Hakimu akamhukumu mwaka mmoja na siku moja katika gereza la wanawake la Alderson, West Virginia. Inasemekana kwamba huko aliosha vyombo na hakuimba hata mara moja. Aliachiliwa Machi 1948, na baada ya siku kumi na moja akaimba Carnegie Hall, ukumbi ukafurika hadi wengine wakaketishwa jukwaani.

Mtu angedhani kwamba dhiki imekwisha. La. Siku hizo, kila aliyetaka kufanya kazi katika kilabu cha New York kinachouza pombe alihitaji kadi ya polisi, na aliyewahi kufungwa kwa madawa ya kulevya alinyimwa. Kumbi kubwa kama Carnegie ni za usiku mmoja. Mkate wa mwimbaji wa jazi ulikuwa vilabuni. Kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake, mwanamke huyu alizuiwa kufanya kazi yake katika mji wa kazi yake. Ikambidi azunguke mji baada ya mji, akilala hotelini, mbali na wenzake, mbele ya wachuuzi wa unga waliomngoja. Huwezi kumwambia mtu aache unga, kisha ukamnyang'anya kitu pekee kinachomfanya atake kuuacha. Thelonious Monk naye alinyimwa kadi hiyo kwa miaka sita, na Charlie Parker pia aliwahi kuipoteza. Parker alifariki mwaka 1955 akiwa na miaka 34, na daktari aliyeiona maiti alimdhania mtu wa miaka zaidi ya hamsini.

Mkuu wa idara ya madawa ya kulevya, Harry Anslinger, aliyekalia kiti hicho tangu 1930 hadi 1962, hakuamini katika tiba ila jela. Lugha yetu ina neno moja, kasumba, kwa utomvu unaolevya na kwa fikira zilizomganda mtu kichwani zisitoke. Nadhani Bwana Anslinger alikuwa na ile ya pili.

Tarehe 31 Mei 1959 Billie alianguka akapelekwa hospitali. Ini lake lilikuwa limeharibiwa na pombe, kwani alikuwa mnywaji mkubwa vile vile, na moyo ulichoka. Siku chache baadaye heroini kidogo ilidaiwa kupatikana chumbani. Polisi wakamkamata pale pale kitandani, wakachukua alama za vidole vyake, wakaweka askari mlangoni. Alifariki tarehe 17 Julai, umri wake miaka 44. Benki alikuwa na senti sabini, na mwilini alikuwa amejifunga dola 750.

Katika mji ule ule, miaka mitano tu baadaye, Dakta Vincent Dole na Dakta Marie Nyswander, ambaye aliwahi kuwatibu wanamuziki wa jazi, walianza kuwapa waraibu wa heroini dawa ya kunywa iitwayo methadoni. Kipimo kimoja huzuia arosto kwa mchana na usiku mzima bila kumlevya aliyekwisha kuizoea, naye akaweza kuamka na kwenda kazini. Kadi za polisi zilifutwa New York mwaka 1967. Hapa Kenya methadoni ilianza kutolewa katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na mwaka uliofuata Malindi na Mombasa, ambako mgonjwa hufika asubuhi, akanywa kikombe chake mbele ya muuguzi, akaenda zake.