Wasifu wa Jim Thorpe

Mtahiniwa, soma wasifu huu ukijiuliza: ni nini kilichomponza Thorpe?

Alizaliwa katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma, katika jamii ya Sac and Fox, wenyeji asilia wa Marekani. Kwenye Olimpiki ya Stockholm ya 1912, alinyakua dhahabu mbili, za pentathloni na dekathloni. Mwaka uliofuata alipokonywa. Alikuwa amelipwa vijisenti kucheza besiboli mwaka 1909 na 1910, ilhali Olimpiki ilikuwa ya wachezaji wasiolipwa. Wanafunzi wengine walicheza kwa majina bandia. Yeye alitumia jina lake.

Hakukata tamaa. Mwaka 1915 alijiunga na Canton Bulldogs, timu ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, kwa dola 250 kila mechi. Mwaka 1920 akawa rais wa kwanza wa ligi ambayo leo ni NFL. Alifariki mwaka 1953 akiwa maskini. Alitambuliwa tena kuwa mshindi pekee mwaka 2022.

Unapojibu, usiishie kusema kwamba alivunja kanuni. Kanuni hizohizo zilitaka malalamiko yaletwe ndani ya siku 30, nayo yaliletwa baada ya miezi kadhaa. Waliomhukumu walivunja kanuni pia.