Bertha Benz: Mwanamke aliyefufua injini barabarani

Kwa mwenye gari la mizigo, pawatila au pampu ya kumwagilia, hakuna asubuhi mbaya kama ile ambayo injini inazunguka vizuri lakini haiwaki. Bertha Benz alikutana na tatizo hilo wakati hakuna gereji wala kituo cha mafuta popote duniani.

Alizaliwa Mei 3, 1849 mjini Pforzheim, Ujerumani, akiwa binti wa mjenzi mwenye uwezo. Alichumbiwa na Carl Benz, fundi mitambo ambaye hakuwa na mtaji, na ambaye karakana yake ya Mannheim iliyumba kwa sababu mshirika wake hakuwa wa kutegemewa.

Kwa desturi ya wakati huo, wazazi wa bibi harusi ndio waliompa binti yao mali ya kuanzia maisha. Bertha aliomba fedha zake mapema, na zikatumika kumlipa mshirika huyo ili aondoke. Walifunga ndoa mwaka 1872.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya madeni. Carl aliweka matumaini yake kwenye injini ndogo ya gesi, lakini majaribio ya kuiwasha yalishindikana mara kwa mara.

Usiku wa Desemba 31, 1879, baada ya chakula, Bertha alimshawishi mumewe warudi karakana kujaribu tena. Injini ikawaka, na wakaisikiliza ikinguruma kwa saa nzima.

Januari 29, 1886, Carl aliomba hataza ya gari la magurudumu matatu linaloendeshwa kwa injini. Hata hivyo, wateja walikuwa adimu, kwani watu hawakuamini kuwa chombo hicho kingeweza kufika mbali.

Mapema Agosti 1888, bila kumwambia mumewe, Bertha aliondoka na gari hilo alfajiri pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard. Walikuwa wakienda Pforzheim kwa mama yake, safari ya zaidi ya kilomita 100. Fedha zake, kazi ya mumewe na jina la familia vyote vilikuwa juu ya magurudumu hayo matatu. Kama lingekwama, waliolibeza wangepata la kusema.

Mafuta yalipokaribia kwisha, walisimama Wiesloch. Bertha alinunua kwenye duka la dawa ligroini, kimiminika cha kusafishia madoa ambacho ndicho kilichotumika kama mafuta ya gari hilo.

Njiani bomba la mafuta liliziba. Bertha alilizibua kwa pini ndefu ya kofia yake. Baadaye waya wa kupeleka umeme kwenye plagi ulichubuka, naye akauzungushia mkanda wa kufungia soksi ili umeme usivuje.

Matengenezo hayo mawili yanagusa mambo ambayo fundi mzuri huyaanza hadi leo. Injini ya petroli ikizunguka bila kuwaka, maana yake betri na stata vinafanya kazi. Kinachokosekana mara nyingi ni mafuta au moto wa plagi.

Kwanza hakikisha tangi lina mafuta, kisha angalia kama yanapita kwenye chujio na pampu. Baada ya hapo kagua plagi na nyaya zake, ukiwa mbali na petroli iliyomwagika, kwani cheche moja inatosha kuunguza gari.

Vyote viwili vikiwa sawa, angalia chujio la hewa, kisha mwachie fundi apime mgandamizo na mkanda wa taimingi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Kwake anza na chujio la dizeli, na hewa iliyoingia kwenye mabomba. Aidha, usipige stata mfululizo, kwa sababu utamaliza betri kabla ya kupata ugonjwa.

Bertha hakuishia kwenye injini. Kwenye milima gari lilishindwa kupanda, wavulana wakalazimika kusukuma. Breki zilipolika, fundi viatu wa kijiji cha Bauschlott alizipigilia ngozi.

Walifika Pforzheim jioni, na Carl akapelekewa habari kwa simu ya maandishi. Siku chache baadaye walirudi Mannheim kwa gari hilohilo.

Kasoro walizoziona njiani zilifanyiwa kazi, ikiwemo kuongezwa gia ya kupandia milima. Kufikia mwaka 1899, kampuni ya Benz ilitengeneza magari 572 kwa mwaka na kuwa kubwa kuliko zote duniani. Mwaka 1926 iliungana na kampuni ya Daimler, na magari yao yakaitwa Mercedes-Benz.

Hataza ilibaki kwa jina la mume peke yake, ingawa fedha za Bertha ndizo zilizoiokoa karakana. Carl alifariki mwaka 1929. Bertha alifariki Ladenburg Mei 5, 1944, siku mbili baada ya kutimiza miaka 95.

Duka la dawa la Wiesloch sasa linakumbukwa kama kituo cha kwanza cha mafuta duniani. Siku ile lilikuwa tu mahali ambapo mama mmoja mwenye safari aliingia kununua mafuta kabla injini haijazima.