Robert Mulliken na Sumaku ya Oksijeni

Tulipokutana hapa shuleni mara ya mwisho, kijana mmoja wa kidato cha tano alinionyesha daftari lake la kemia. Alikuwa amechora molekuli ya oksijeni kwa vidoti, kila elektroni na mwenziwe, kama nilivyochora mimi zamani katika madarasa yale yale. Akataka kujua kwa nini, basi, oksijeni iliyogeuzwa kimiminika huvutwa na sumaku. Mimi niliyesoma kemia Chuo Kikuu kabla ya kuingia Serikalini nilijibu ovyo, nikakimbilia chai. Deni hilo nalilipa hapa.

Robert Mulliken alizaliwa tarehe 7 Juni 1896 mjini Newburyport, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Baba yake alikuwa profesa wa kemia, na kijana alimsaidia kusahihisha vitabu vyake kabla ya kuchapwa. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1917. Wakati wa vita alifanya kazi ya gesi za sumu, zikamuunguza hata akalazwa hospitali. Mwaka 1921 alipata udaktari huko Chicago.

Siku hizo wakemia walimfuata Gilbert Lewis, aliyeeleza mwaka 1916 kwamba kifungo ni jozi ya elektroni zinazoshirikiwa na atomi mbili. Ni picha nzuri, wala siidharau. Lakini molekuli ambayo elektroni zake zote zina wenzi haivutwi na sumaku, na oksijeni huvutwa. Jambo hilo lilijulikana tangu karne ya 19.

Mulliken alichunguza mwanga unaotolewa na unaomezwa na molekuli. Mwaka 1927 alikuwa Göttingen, Ujerumani, pamoja na Friedrich Hund. Wazo lao lilikuwa kwamba elektroni si mali ya atomi hii au ile, bali ya molekuli nzima. Atomi mbili zikikaribiana, nafasi za elektroni zao huchanganyika na kutoa nafasi mpya za namna mbili: za chini, zinazofunga, na za juu, zinazotenganisha. Mwaka 1932 Mulliken alizipa jina la obitali.

Sasa tuhesabu. Haidrojeni ina elektroni mbili, zote katika nafasi inayofunga: kifungo kimoja. Heli mbili zingekuwa na nne, mbili zikifunga na mbili zikitenganisha: hakuna kifungo. Oksijeni ina elektroni 12 za nje, nane zikifunga na nne zikitenganisha. Zinazosalia nne ni vifungo viwili. Lakini mbili za mwisho hukuta nafasi mbili zilizo sawa kabisa. Hufanya kama sisi bwenini: kila mmoja hushika kitanda chake kwanza. Hizo mbili zisizo na wenzi ndizo zinazoitikia sumaku.

Wakemia wengi walimpenda zaidi Linus Pauling, msemaji hodari, ambaye njia yake ilifanana na vidoti vya Lewis. Mulliken hakujaliwa ulimi. Pauling alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1954. Mulliken alingoja hadi 1966, akiwa na umri wa miaka 70. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1986.

Toleo hili nitamletea yule kijana kwa mkono wangu, na safari hii chai itangoja.