Mwalimu wa Konokono na Herufi za Risasi

Célestin Freinet alizaliwa Gars, kijiji cha milimani kusini mwa Ufaransa, tarehe 15 Oktoba, 1896. Alikuwa angali akisomea ualimu Vita Vikuu vya Kwanza vilipomchukua, na mwaka 1917 akajeruhiwa pafu. Hakupona barabara. Alipopewa darasa Bar-sur-Loup mwaka 1920, pumzi haikumtosha kusema kutwa kucha mbele ya watoto, kama ilivyokuwa ada ya walimu wa zama zile. Ikambidi atafute njia nyingine ya kuwafundisha lugha.

Njia yenyewe aliipata kwa konokono. Watoto walikuja nao darasani wakawashindanisha mbio, na siku hiyo hapakuwa na asiye na la kusema. Mwalimu akayaandika maneno yao ubaoni. Lakini ubao, kama tujuavyo sisi tuliolelewa chuoni, hufutwa, na kilichoandikwa kikenda zake. Mwaka 1924 Freinet akanunua mtambo mdogo wa kupigia chapa.

Hapa, ndugu msomaji, natusimame kidogo, maana ndipo penye ufundi. Mtoto alitunga habari yake mwenyewe, ya nyumbani au ya shambani kwao. Wenzake wakaijadili na kuinyosha. Kisha wakazishika herufi za risasi moja moja, wakazipanga kwa vidole, zimegeuka kama zionekanavyo kiooni. Wakapaka wino, wakakandamiza karatasi. Apangaye neno herufi kwa herufi halikosei kwa pupa. Nakala zikapelekwa Trégunc, pwani ya Brittany, kwa mwalimu René Daniel, na wanafunzi wa huko wakajibu kwa maandiko yao. Huko Brittany mtoto aliyeponyokwa na neno la lugha ya mamake shuleni alikuwa akivishwa alama ya fedheha. Wasomaji waliosoma zama za mkoloni hawahitaji kuelezwa zaidi. Sasa mtoto alikuwa na mtu wa kumwandikia, naye akaandika.

Mwaka 1928 Freinet alihamia Saint-Paul, na fitina ikamfuata. Mwaka 1932 mtoto mmoja aliandika ndoto yake, kwamba amemuua meya. Maadui wa mwalimu wakaibandika ukutani mjini ili watu waone anayoyafunza. Ndoto ya mtoto ikageuzwa ushahidi! Mwalimu huyo huyo alikuwa akilalamikia uchafu na ubovu wa shule, na nadhani hilo ndilo lililowauma. Mwaka 1933 ilimbidi aondoke.

Hakuuacha mtambo wake. Yeye na mkewe Élise, aliyekuwa mchoraji, walifungua shule yao wenyewe Vence mwaka 1935, wakawapokea hata watoto waliokimbia vita vya Hispania. Mwaka 1940 serikali ilimtia kizuizini. Alifariki Vence tarehe 8 Oktoba, 1966, akazikwa kwao Gars. Shule yake ilinunuliwa mwaka 1991, na mnunuzi alikuwa serikali ya Ufaransa.