Brahms, Mliwaza Wafiwa

Msomaji, mimi ni mtoto wa chuoni, na nyimbo za kanisani si malezi yangu. Mama alipofariki nilijikaza, sikulia. Juzi, kwa mwenzangu mmoja, nilisikiliza santuri ya Requiem ya Kijerumani, machozi yakanitoka. Nikataka kumjua mtungaji.

Johannes Brahms alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1833, mwana wa mpiga muziki asiye na mali. Mwaka 1865 mamake alifariki, naye katika msiba huo akaishika kazi hii ya kwaya na ala. Misa ya wafu ya Kilatini humwombea maiti. Brahms aliteua maneno ya Biblia kwa Kijerumani, akaanza na waliofiwa.

Sehemu tatu za mwanzo zilipoimbwa Vienna, Desemba 1867, mpiga ngoma alipiga kwa kishindo hata akazifunika sauti za waimbaji, na baadhi ya watu wakazomea. Brahms hakukata tamaa. Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1868, katika kanisa kuu la Bremen, wasikilizaji walilia. Baadaye akaongeza sehemu ya sauti ya mwanamke, itajayo faraja ya mama.

Alifariki Vienna mwaka 1897. Dini yake siyo yetu, na dua kwa maiti wetu hatuziachi. Ila hili twalijua sisi watu wa Pwani: tuendapo kutoa mkono wa taazia, twamwendea aliyebaki. Maiti keshafika kwa Mola wake. Wa kushikwa mkono ni mfiwa.