Mikhail Mil: Alifukuzwa chuo, akaishia kuunda mamba wa angani

Agosti 2012, helikopta tatu za kivita za jeshi la Uganda ziliondoka nyumbani zikielekea Somalia. Hazikufika. Zote tatu zilianguka kwenye Mlima Kenya, na baadhi ya wanajeshi waliokuwa ndani wakafa. Zilikuwa za aina ya Mi-24. Sasa hiyo "Mi" hapo mwanzo, usidhani ni kifupi cha silaha fulani. Ni jina la mtu, jamaa anaitwa Mikhail Mil, na leo nataka tumwongelee.

Mil alizaliwa 1909 mjini Irkutsk, huko Siberia kwenye baridi ya kutisha. Babake alifanya kazi kwenye reli, mamake alikuwa daktari wa meno. Akiwa na miaka 12 tu aliunda ndege ya mfano ikashinda shindano. Mwaka wa 1926 akaingia chuo cha teknolojia cha Tomsk, halafu wakamtoa. Hakuwa amefeli mtihani, na wala si mambo ya karo. Serikali ya Kisovieti ilitaka vyuo vijae watoto wa wafanyakazi wa viwandani na wakulima, na familia yake ikaonekana si ya tabaka hilo. Ebu fikiria, unatupwa nje kwa sababu ya kazi ya mzazi wako.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hapa kwenye hii stori huwa nasoma polepole. Lakini nisikudanganye, hii si ile hadithi ya mtu aliyeacha masomo akawa tajiri. Mil alirudi darasani. Mwaka wa 1928 alikubaliwa na chuo kingine, Novocherkassk, kusini mwa Urusi, ambako walifundisha mambo ya ndege, na 1931 akamaliza uhandisi wake.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye taasisi kuu ya utafiti wa ndege, akishughulika na otojiro. Hiyo ni kama binamu wa helikopta: mapanga ya juu hayazungushwi na injini, yanazungushwa na upepo ndege inaposonga mbele. Inaruka poa, ila haiwezi kusimama hewani. Mil akawa msaidizi wa Nikolai Kamov, na Wajerumani walipovamia 1941, otojiro zao zikapelekwa vitani upande wa Smolensk. Mkumbuke huyo Kamov, tutarudi kwake.

Desemba 1947 Mil akapewa ofisi yake ya usanifu. Mwaka uliofuata helikopta yake ya kwanza, ile iliyokuja kuitwa Mi-1, ikaruka. Na hapo ndipo mambo yalikuwa magumu kweli. Mwishoni mwa 1948, rubani wa majaribio Matvei Baikalov alipanda nayo juu sana, mafuta ya kulainisha mitambo yakaganda kwa baridi, usukani ukakataa kusikia. Akaruka na parachuti, akapona. Machi 1949 Baikalov huyo huyo akarushwa tena na mashine nyingine ya Mil. Chuma kinachozungusha panga dogo la mkiani kikakatika penye uchomeleaji mbaya. Safari hii hakupona.

Ungekuwa wewe ungerudi ofisini kesho yake? Mil alirudi. Mi-1 ikarekebishwa, ikakubaliwa na jeshi. Mwaka wa 1951 Stalin akataka helikopta kubwa ya kubeba wanajeshi, na akampa mwaka mmoja tu. Mi-4 ikaruka 1952. Baadaye ikaja Mi-6 ya 1957, jitu la injini za tabo, kubwa kuliko helikopta zote za wakati huo.

Tuingie kwa ile uliyoijia. Miaka ya 60 Mil aliona Wamarekani wakitumia helikopta Vietnam, akapata wazo: gari la deraya linaloruka. Libebe wanajeshi 8, liwashushe vitani, kisha libaki juu likiwapigania kwa roketi na makombora ya kulipua vifaru. Mwaka wa 1966 alitengeneza umbo la mfano. Wakubwa wengine jeshini walisema ni upuuzi, pesa zinunue vifaru zaidi. Marshal Grechko akamuunga mkono. Kamov naye alileta mpango wake wa bei nafuu, akashindwa na aliyekuwa msaidizi wake. Amri ikatoka Mei 1968, na Septemba 1969 Mi-24 ikapaa.

Cheki ilivyofanya kazi. Pembeni ina mabawa mafupi. Ya kuning'iniza silaha, ndiyo, lakini pia yanasaidia kuinua mwili inapokimbia, na aina za baadaye zinafika karibu kilomita 335 kwa saa. Shida ni kwamba ikisimama hewani mabawa hayo hayasaidii chochote, yanazuia tu upepo wa mapanga. Ongeza uzito wa deraya, joto na hewa nyepesi ya milimani, inahema. Afghanistan marubani wengi waliacha kubeba wanajeshi kabisa ili ipate nguvu. Kwa maoni yangu, wazo lile la basi la vita lilikuwa zuri kwenye karatasi kuliko angani.

Warusi waliipa jina la utani Mamba. Mwaka wa 1978 Ethiopia iliitumia dhidi ya Somalia kwenye vita vya Ogaden, hapa karibu tu na mpaka wetu. Afghanistan ilichoma vijiji vyenye watu, hadi 1986 wapiganaji wa huko walipopata makombora ya Stinger ya kubebwa begani, nayo ikaanza kudondoka.

Mil hakuyaona hayo. Alifariki Januari 31, 1970, akiwa na miaka 60, miezi minne tu baada ya Mamba kupaa. Sijui kama angejivunia. Helikopta zake nyingine zimebeba wagonjwa, chakula cha msaada na wazima moto dunia nzima.

Na ule msafara wa Uganda wa 2012 ulikuwa na helikopta ya nne, ambayo ilitua Garissa salama. Ilikuwa Mi-17, uzao wa Mi-8 aliyoirusha 1961.