Shaaban Robert na kisa cha ndugu watatu

Wasikilizaji wetu wa Tukuyu na Rungwe yote, tunajua jinsi shamba la migomba au la chai linavyoweza kuwagombanisha ndugu baada ya mzee kufariki. Leo tunamkumbuka mwandishi aliyetunga hadithi juu ya jambo hilo.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Tanga. Alisoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaanza kazi ya ukarani katika idara ya forodha. Msiba ulimkuta bado kijana: mke wake wa kwanza, Amina, alifariki, naye akamwomboleza kwa shairi. Binti yake alimtungia mawaidha ya maisha, Utenzi wa Hati.

Mwaka 1952 kilitoka kitabu chake Adili na Nduguze. Baba anafariki, na kijana Adili anagawana urithi na nduguze, Hasidi na Mwivu. Wao wanapoteza fungu lao, yeye anawagawia lake. Baadaye, kwa wivu, wanamtosa baharini. Huria, binti wa kijini, anamwokoa, anawageuza wale wawili kuwa manyani, na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Anawachapa kwa uchungu, kisha anawalisha na kuwabembeleza. Mwishowe wanasamehewa na kurudi kuwa watu.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53. Kwenye vikao vyetu vya mirathi tukumbuke kwamba fimbo haikumpa Adili raha hata usiku mmoja.